Chanda Chema Huvikwa Pete: Maisha ya B. F. Skinner

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa chanda chema huvikwa pete. Hao hao ndio walionena kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hizi tunazitia katika insha zetu kila muhula, tunapigiwa tiki, basi tunaziacha hapo. Kumbe kuna watu waliokaa maabarani miaka na mikaka wakichunguza yale yaliyomo ndani yake! Mpenzi msomaji, katika toleo hili la jarida letu nimeonelea nikusimulie maisha ya mmoja wao, Burrhus Frederic Skinner wa Marekani. Alifariki mwaka wa 1990, kabla hata mmoja wetu sisi wanafunzi hajazaliwa. Nimemchagua kwa sababu swali alilolishughulikia maisha yake yote ni swali letu sisi tunaoketi madarasani: ni nini kinachomfanya mtoto arudie jambo, na ni nini kinachomfanya aliache?

Skinner alizaliwa tarehe 20 Machi 1904 katika mji mdogo wa Susquehanna, jimbo la Pennsylvania. Ulikuwa mji wa gari la moshi. Babake, William, alikuwa wakili, na mamake, Grace, alikuwa mtu wa kushika adabu sana. Babake hakumchapa hata siku moja. Mamake naye alimwadhibu mara moja tu, alipomsugua kinywa kwa sabuni kwa sababu ya neno chafu. Hata hivyo vitisho havikukosa. Babake alimpeleka kuona jela ili ajue wahalifu wanakoishia, na nyanyake akamfunulia jiko la makaa yanayowaka ili apate picha ya jehanamu. Utaona baadaye kwamba mtoto huyu aliyekuzwa kwa vitisho ndiye aliyekuja kuwaambia wakubwa kuwa vitisho havifundishi.

Utotoni mikono yake haikutulia. Aliunda mikokoteni, vyelezo na manati. Aliunda hata mzinga wa mvuke uliorusha vipande vya viazi na karoti juu ya mapaa ya majirani! Yeye na rafiki yake walikuwa wakiuza matunda madogo ya porini nyumba kwa nyumba, akabuni njia ya kuyatenganisha yaliyoiva na mabichi kwa maji. Lakini kifaa kinachonifurahisha zaidi ni kile cha nguo za kulalia. Mamake alikuwa akimgombeza kila asubuhi kwa kutozitundika. Skinner akafunga kamba kwenye ndoano ya nguo. Ndoano ikiwa tupu, kibao kilishuka mlangoni pa chumba na kumkumbusha. Akizitundika, kibao kilipanda juu na njia ikawa wazi. Hakuhitaji kugombezwa tena. Alibadilisha chumba, na chumba kikambadilisha yeye. Nikitazama, naona kazi yake yote ya ukubwani imo ndani ya kamba ile.

Alikuwa na ndugu mmoja tu, Edward, aliyefariki ghafla akiwa na miaka 16, umri wangu mimi ninayeandika haya. Skinner alikuwapo nyumbani siku hiyo, amekuja likizo kutoka chuoni.

Chuo chenyewe kilikuwa Hamilton, jimbo la New York, ambako alisomea fasihi ya Kiingereza na kuhitimu mwaka wa 1926. Ndoto yake ilikuwa kuwa mwandishi. Mshairi mashuhuri Robert Frost alisoma hadithi zake fupi akamtia moyo. Basi akarudi kwa wazazi wake, akajifungia chumbani mwaka mzima ili aandike. Wapi! Hakuandika la maana. Alisoma magazeti na kuunda meli za kuchezea. Mwisho alikiri kwamba hakuwa na la kusema. Lakini mlango mmoja ukifungwa mwingine hufunguka. Katika kusomasoma kwake alikutana na vitabu vya Ivan Pavlov wa Urusi na John Watson wa Marekani, akaona njia. Mwaka wa 1928 akaingia Chuo Kikuu cha Harvard kusoma saikolojia, na mwaka wa 1931 akapata shahada ya uzamifu.

Hapa lazima nimtaje Pavlov kidogo, maana bila yeye hadithi haieleweki. Pavlov alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1904, mwaka ule ule aliozaliwa Skinner, kwa uchunguzi wake wa jinsi tumbo linavyosaga chakula. Katika kazi hiyo aliona kwamba mbwa wake walitokwa na mate hata kabla ya chakula kufika mdomoni. Akaanza kuwasikizisha mlio fulani kila walipokaribia kulishwa. Baada ya siku kadhaa mlio peke yake ulitosha kuwatoa mate. Mwili ulikuwa umefunganisha vitu viwili. Ndiyo hadithi ya nyoka na ung'ongo. Mtoto aliyedungwa sindano na mtu mwenye koti jeupe anaweza kulia akimwona hata kinyozi mwenye koti kama hilo. Na mwanafunzi aliyeaibishwa mara nyingi katika somo fulani hushikwa na tumbo kabla mwalimu hajaingia, kengele tu ikilia.

Lakini Skinner aliona kuwa mambo mengi tuyatendayo si kama mate. Hayatolewi na mlio. Tunayafanya wenyewe, kisha kitu fulani hufuata. Mmarekani mwingine, Edward Thorndike, alikuwa ameonyesha mwaka wa 1898 kwamba paka aliyefungiwa sandukuni hujaribu hili na lile hadi anapobahatisha kufungua mlango, na kila akirudishwa huchukua muda mfupi zaidi. Skinner aliendelea kutoka hapo. Alitengeneza kisanduku chake mwenyewe, akatia ndani panya mwenye njaa na kijiti cha chuma. Panya akikibonyeza, tembe ya chakula iliangukia kisahani. Mara ya kwanza panya alibonyeza kwa bahati tu, katika kurandaranda. Baada ya kulipwa mara chache alikazana na kijiti kama mtu aliyeajiriwa. Nje ya kisanduku palikuwa na karatasi iliyosogea polepole, na kalamu iliyopanda kidogo kila kijiti kilipobonyezwa. Kwa hiyo Skinner hakukisia. Alitazama mchoro ukipanda kama kilima.

Baadhi ya mambo makubwa aliyagundua kwa ajali. Siku moja mtambo wa kuangusha chakula ulikwama. Panya aliendelea kubonyeza, kisha akapunguza kidogo kidogo. Hivyo Skinner akaona jinsi tendo linavyokufa likikosa malipo. Jumamosi nyingine alasiri aliona kwamba tembe zilizobaki, ambazo alikuwa akizitengeneza mwenyewe kwa taabu, zisingefika Jumatatu. Akaamua panya alipwe mara moja tu kwa dakika, hata akibonyeza mara ngapi. Jamani, panya hawakuacha! Waliendelea kubonyeza. Ikaja kudhihirika kwamba anayelipwa mara moja moja hukawia sana kuacha kuliko aliyezoea kulipwa kila mara.

Msomaji, usidhani haya ni ya panya tu. Mtoto analilia peremende dukani. Mamake anakataa mara nne, mara ya tano anachoka na kununua. Yeye anadhani amemnyamazisha, kumbe amemfunza kulia kwa muda mrefu zaidi. Na wale kaka zetu wanaocheza kamari za simu kila wikendi, mbona hawaachi ilhali wanapoteza? Ni kwa sababu hushinda mara moja moja. Skinner mwenyewe aliitaja kamari kuwa mfano wa jambo hili.

Mwaka wa 1936 alimwoa Yvonne Blue, akahamia Chuo Kikuu cha Minnesota. Walijaliwa binti wawili, Julie na Deborah. Kitabu chake cha kwanza, kuhusu tabia za viumbe, kilitoka mwaka wa 1938. Kisha vikaja Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, naye akazua wazo la ajabu: njiwa wakae ndani ya kombora na kuliongoza kwa kudonoa picha ya shabaha. Njiwa walifuzu majaribio, lakini wakuu hawakushawishika, na mwaka wa 1944 mradi ukafungwa.

Faida haikukosa, hata hivyo. Mwaka wa 1943, juu katika kinu cha unga mjini Minneapolis, Skinner na wenzake walijaribu kumfunza njiwa kupiga mpira mdogo kwa mdomo. Walingoja apige ili wampe nafaka. Njiwa hakupiga. Wakabadili mbinu. Akiutazama mpira tu, alipewa. Kisha ikawa lazima ausogelee ndipo apewe. Kisha auguse. Dakika chache baadaye mpira ulikuwa ukigonga kuta za sanduku! Bandu bandu huisha gogo. Usingoje mtoto afanye jambo zima ndipo umsifu, maana huenda siku hiyo isifike. Msifu kwa hatua.

Deborah alipozaliwa mwaka wa 1944, babake alimtengenezea kitanda kama chumba kidogo chenye kioo mbele, ambamo hewa ilipashwa joto na kusafishwa, mtoto akalala bila kufunikwa mablanketi mazito. Jarida moja la akina mama lilipoandika habari hiyo mwaka wa 1945, watu walidhani amemtia mwanawe kisandukuni kama panya. Uvumi ukaenea, eti msichana alipata wazimu, eti alijiua. Ni uongo mtupu. Deborah alikua, akawa msanii, na mwaka wa 2004 aliandika gazetini Uingereza kuukanusha uvumi huo mwenyewe.

Skinner alirudi Harvard mwaka wa 1948. Mwaka huo alieleza jaribio jingine. Njiwa walipewa chakula kila baada ya muda mfupi, bila kujali walifanya nini. Wengi wao wakaanza vituko: mmoja akizunguka, mwingine akitikisa kichwa. Walirudia lile lililosadifu kutendeka chakula kilipokuja, kana kwamba ndilo lililokileta. Nikisoma hapo nilicheka, nikakumbuka wenzangu wasioingia mtihani bila kalamu yao ya bahati.

Sasa tufike penye kiini. Mnamo Novemba 1953 Skinner alitembelea darasa la hesabu la Deborah pamoja na wazazi wengine. Aliketi nyuma, akatazama. Watoto walipewa maswali ubaoni. Wengine walimaliza upesi wakakaa bure, wengine walikwama wakahangaika, na hakuna aliyejua kama amepata au amekosa. Mwalimu alikusanya karatasi akasahihishe baadaye. Skinner alishangaa. Hata panya wake walijua matokeo papo hapo! Alirudi nyumbani akaanza kuunda mashine ya kufundishia. Mtoto alisoma swali fupi, akatoa jibu, mashine ikamwonyesha mara moja kama ni sawa, ndipo akaendelea. Maswali yalipangwa kwa hatua ndogo ndogo ili apate mengi na akosee machache, na kila mmoja alikwenda kwa mwendo wake.

Mashine hizo hazikudumu, lakini wazo lake limo leo katika programu nyingi za kujifunzia kwenye kompyuta. Nasi tufikirie hali yetu. Katika darasa la wanafunzi sitini mwalimu hawezi kusahihisha kila daftari siku hiyo hiyo, na simlaumu. Ila zoezi la Jumatatu likirudi baada ya wiki mbili, ile tiki nyekundu humfikia mtu ambaye hata swali lenyewe amelisahau.

Na fimbo je? Skinner alilichunguza jambo hili mapema, katika majaribio ya kitabu chake cha 1938. Makundi mawili ya panya waliozoea kubonyeza yalinyimwa chakula. Kundi moja, kwa muda mfupi, kijiti kiliwachapa nyayo kila walipokibonyeza. Waliacha mara moja, na anayetazama angesema kiboko kimefanya kazi. Lakini kuchapwa kulipokoma, walirudia kubonyeza, na mwishowe hesabu yao ikawafikia wale ambao hawakuchapwa kamwe. Fimbo iliahirisha tu. Kusema haki, watafiti waliomfuata walionyesha kuwa adhabu kali sana inaweza kuzima tendo kwa muda mrefu zaidi. Hata hivyo Skinner alishikilia kwamba adhabu haimfundishi mtoto la kufanya. Humfundisha kukwepa: kudanganya, kujificha, kutoroka, na kumchukia anayemchapa pamoja na somo lake.

Hapa sizungumzi ya vitabuni peke yake. Ndugu yangu mdogo alikuwa akichapwa kwa sababu ya jedwali la kuzidisha katika shule ambayo sitaitaja. Hakulijua jedwali hata baada ya kuchapwa. Alichojifunza ni kuondoka nyumbani na mkoba, kupinda nyuma ya shamba la mahindi na kukaa huko hadi saa za kurudi. Mama alipogundua, mambo yalikuwa yamefika mahali pabaya, na kijana mwenyewe alisema wazi kwamba shule basi. Mwalimu mmoja aliyekuja shuleni kwetu kwa mazoezi ya kufundisha ndiye aliyenipa habari za Skinner, nami nikajaribu. Nilikata kadi za maboksi, swali mbele, jibu nyuma. Jioni tulifanya kadi tano tu, tukianzia zile rahisi za mbili mbili. Akijibu, anageuza papo hapo na kujionea. Sikumpa peremende. Kuona amepata kulitosha. Kufikia mwisho wa muhula yeye ndiye aliyekuwa akiniletea kadi kabla sijavua sare. Mama alizungumza na mwalimu wa darasa, na shuleni alirudi.

Sheria yenyewe inakataza kiboko. Serikali ya Kenya iliondoa ruhusa ya kuchapa wanafunzi mwaka wa 2001, Katiba ya 2010 ikamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikasema wazi kwamba mwanafunzi asipewe adhabu ya mwili. Lakini sheria ni maandishi. Mazoea ya watu yana nguvu zake.

Sisi wa Chama cha Kiswahili tuna mfano ulio karibu zaidi. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake Decolonising the Mind cha 1986 jinsi watoto wa enzi ya ukoloni walivyoadhibiwa kwa kuzungumza Kikuyu shuleni. Kitufe kilipitishwa kutoka kwa mkosaji hadi kwa mwingine, jioni wote wakatajwa na kuchapwa, au wakavishwa kibao cha aibu shingoni. Aliyefanya vyema katika Kiingereza alipewa zawadi na makofi. Tazama sasa kwa macho ya Pavlov na Skinner. Lugha ya mama ilifungwa pamoja na maumivu, ile nyingine ikafungwa pamoja na pete ya chanda chema, na mtoto akafunzwa kumchongea mwenzake juu ya hayo. Je, ni ajabu kwamba hadi leo wapo watu wazima wanaoona haya kusema lugha zao mbele za watu? Hawakuzaliwa na haya hiyo. Walifunzwa.

Ndiyo maana elimu hii inaogofya kidogo, na Skinner alipata wapinzani wengi. Mwaka wa 1948 alitoa riwaya, Walden Two, kuhusu kijiji kinachopangwa chote kwa kanuni zake. Mwaka wa 1971 akatoa kitabu kingine kilichodai kwamba uhuru tunaojivunia si kama tunavyoufikiri. Watu waliuliza: ikiwa watu huongozwa kwa malipo, nani atakayeshika mfuko wa malipo? Mwanaisimu Noam Chomsky alimkosoa vikali mwaka wa 1959, akisema kwamba mtoto hujifunza lugha upesi mno, na hutunga sentensi ambazo hajawahi kuzisikia wala kulipwa kwazo. Mwaka wa 1973 watafiti wengine waliwaahidi zawadi watoto wa shule ya chekechea waliopenda kuchora. Baadaye watoto hao walichora kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Zawadi ilikuwa imeifanya michezo yao kuwa kazi.

Mgala muue na haki umpe. Mimi nakubaliana na wakosoaji kwamba mtu si njiwa, na kwamba zawadi za kila saa zinaweza kuharibu mapenzi ya kazi yenyewe. Lakini nakubaliana na Skinner kwamba mtoto anayekosea si mjinga wala mkaidi hadi tutazame kwanza kinachofuata baada ya kila analolifanya.

Skinner alitunukiwa Nishani ya Taifa ya Sayansi mwaka wa 1968. Mwishoni mwa 1989 aligunduliwa kuwa na saratani ya damu. Hakuacha kazi. Tarehe 10 Agosti 1990, akiwa na miaka 86, alisimama mbele ya mkutano mkuu wa wanasaikolojia wa Marekani akatoa hotuba. Siku nane baadaye, tarehe 18 Agosti, akaaga dunia mjini Cambridge, jimbo la Massachusetts.

Kabla sijatua kalamu, nina ombi moja kwa walimu wetu wapendwa na jingine kwa wenzangu. Walimu, tiki ndogo ya leo ina thamani kuliko tuzo kubwa ya mwisho wa mwaka, ambayo huwafikia watatu na kuwapita wengine wote. Nanyi wenzangu, darasani mtu akijaribu jibu akakosea, tunamcheka. Kisha tunauliza mbona hakuna anayeinua mkono.